Je, Wajua? Siku Moja Charleston, Mji Uliolishwa na Mpunga

Je, wajua kwamba kuna mji katika pwani ya Marekani ambako mgeni kutoka Tanga au Mombasa anaweza kuketi mezani na kuitambua karibu kila sahani kabla hajatajiwa jina lake? Bamia, kunde, wali mwekundu wa nyanya, sukuma wiki, ufuta, kaa, kamba, karanga zilizochemshwa na maganda yake. Mji huo ni Charleston, katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Watalii wanaufuata kwa nyumba zake za kale na bustani zake, na wana haki, maana ni mji mzuri sana. Safu ya leo itapita kote huko, ila njia yake kuu ni ya jikoni. Utajiri uliozijenga nyumba zile ulitoka shambani, na ujuzi wa shamba lile ulivushwa bahari na Waafrika waliofungwa minyororo.

Tuna siku moja tu, kwa hiyo tuamke mapema.

Je, wajua grits? Ni mahindi yaliyoparazwa, hayakusagwa yakawa unga, kisha yakapikwa taratibu kwa maji au maziwa na kutiwa siagi na chumvi. Uzito wake uko kati ya uji na ugali, na huliwa kwa kijiko. Wenyeji wa asili wa Amerika ndio waliowafundisha wageni kuyapika. Hapa Charleston juu yake huwekwa kamba waliokaangwa kwa siagi, na siku hizi vitunguu, pilipili hoho na mchuzi. Kwa miaka mingi hiki kilikuwa kifungua kinywa cha wavuvi na familia za pwani, hakikujulikana mbali. Sifa zake zilienea nchi nzima baada ya mwaka 1985, pale Craig Claiborne wa gazeti la The New York Times alipoandika juu ya mpishi Bill Neal wa jimbo jirani la North Carolina. Chagua mkahawa unaotumia mahindi yaliyosagwa kwa jiwe. Yale ya pakiti yanayoiva kwa dakika tano hayana tena ladha ya mahindi.

Msomaji asiyekula nguruwe aulize kwanza, na aulize kila mahali. Mafuta ya nguruwe, au vipande vya nyama yake iliyokaushwa kwa moshi, hutiwa kwenye kamba, kwenye kunde, kwenye sukuma wiki na hata kwenye wali.

Je, wajua umri wa mji huu? Uliasisiwa mwaka 1670 ng'ambo ya mto Ashley, ukaitwa Charles Towne kwa heshima ya Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza. Miaka kumi baadaye ulihamia kwenye rasi iliyo kati ya mto Ashley na mto Cooper, na hapo ndipo ulipo leo. Jina la Charleston lilianza kutumika rasmi mwaka 1783, Marekani ilipokwisha kujitenga na Uingereza.

Je, wajua kwa nini mlango wa barabarani wa nyumba nyingi za hapa haukuingizi ndani? Unakuingiza barazani. Nyumba ya asili ya Charleston ina upana wa chumba kimoja tu upande wa barabara, halafu inarefuka kwenda nyuma, na ubavuni ina baraza la ghorofa mbili au tatu lililoelekezwa kusini au magharibi ili kupokea upepo. Kabla ya viyoyozi, watu wa mji huu wenye joto na unyevu waliishi sehemu kubwa ya mwaka kwenye mabaraza hayo. Ukikuta mlango wa nje umefungwa, mwenye nyumba hataki wageni. Ukiwa wazi, yuko tayari kuamkiwa.

Inua macho uangalie dari za mabaraza hayo. Nyingi zimepakwa buluu hafifu. Wazee wa Kigullah, watu tutakaokutana nao punde hivi, waliamini kwamba rangi hiyo huzuia mizimu isiingie nyumbani. Rangi ya buluu yenyewe ina historia hapa: katika miaka ya 1740 kijana wa kike Eliza Lucas alifanikiwa kulima mnili katika mashamba ya baba yake, na zao hilo likawa la pili kwa thamani katika koloni. Vitabu vya zamani humsifu yeye peke yake. Waliolima, waliolowesha majani na kuyachuja hadi rangi ikapatikana walikuwa watumwa.

Je, wajua kwamba zile nyumba 13 za rangi mbalimbali za mtaa wa East Bay, maarufu kwa jina la Rainbow Row, hazikuwa na rangi hizo zilipojengwa? Ni nyumba za wafanyabiashara wa karne ya 18, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 eneo lilikuwa limechakaa. Mwaka 1931 Dorothy Porcher Legge alinunua baadhi yake, akazipaka waridi, na majirani wakafuata kila mmoja na rangi yake. Zinatazama mashariki, kwa hiyo mpiga picha aje asubuhi.

Na yale mabamba ya chuma ya duara, nyota au kichwa cha simba yaliyobanwa kwenye kuta si mapambo matupu. Ni ncha za vyuma virefu vinavyopita ndani ya nyumba kutoka ukuta hadi ukuta. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1886 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa karibu 7 liliupiga mji, likaua watu wapatao 60. Kuta zilizofunguka zilibanwa kwa vyuma hivyo, na vingine viko palepale hadi leo.

Je, wajua Philip Simmons? Alizaliwa mwaka 1912 katika kisiwa cha Daniel, akajifunza uhunzi tangu utotoni kwa mhunzi aliyekuwa amezaliwa utumwani, na alipofariki mwaka 2009 alikuwa ameuachia mji mamia ya malango, vizuizi vya madirisha na kingo za ngazi. Samaki, ndege, mioyo na mizabibu vya chuma unavyoviona kwenye malango ya watu matajiri vilitoka kwenye tanuru lake dogo. Mwaka 1982 taifa lilimpa tuzo ya juu kabisa ya sanaa za jadi. Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kutazama katika mitaa ya Charleston, nitachagua malango yake, na nitasimama mbele ya kila moja.

Farasi wanaokokota magari ya watalii nao wana sheria zao. Joto likifika nyuzi 35 wanarudishwa zizini. Njia ya kila gari hupangwa kwa bahati nasibu kabla ya kuondoka, ili mtaa mmoja usijae magari.

Sasa twende sokoni.

Je, wajua kwamba kikapu cha nyasi cha City Market kinaweza kumchukua mshonaji siku nyingi, na kikubwa miezi? Akina mama wa Kigullah huketi kando ya soko, na pia kando ya barabara kuu ya Mount Pleasant ng'ambo ya mto, wakizungusha misokoto ya nyasi tamu zinazoota karibu na fukwe, wakichanganya na majani ya msonobari na matete, kisha wakiishona kwa ukanda wa ukindu wa mti wa palmetto. Chombo chao cha kutobolea ni mpini wa kijiko uliokatwa na kusuguliwa. Zamani walitumia mfupa wa ubavu wa ng'ombe. Namna hii ya kuzungusha na kushona ni ileile ya vikapu vya Senegambia na Sierra Leone, na msomaji wa Kigali ataiona jamaa ya agaseke. Mwaka 2006 jimbo lilikitangaza kikapu hiki kuwa kazi yake rasmi ya mikono. Nyasi zenyewe zinazidi kuwa adimu kwa sababu fukwe zinajengwa mahoteli na nyumba za likizo, na washonaji sasa husafiri mbali kuzitafuta. Bei ni kubwa. Ilipe bila kuvutana, au tazama, shukuru na upite.

Kikapu cha zamani kuliko vyote katika kazi hiyo ni ungo. Uliundwa kwa ajili ya kupepetea mpunga.

Wagullah ni nani? Ni wazao wa Waafrika waliotumikishwa katika visiwa na mabonde ya pwani, kutoka North Carolina hadi Florida. Huko Georgia hujiita zaidi Wageechee. Kwa kuwa wamiliki wa mashamba walikimbia homa za kiangazi na kuwaachia nafasi, na visiwa havikuwa na madaraja hadi karne ya 20, walihifadhi mambo mengi ya Afrika kuliko watu weusi wa mahali pengine nchini. Lugha yao, mchanganyiko wa Kiingereza na lugha za Afrika Magharibi na Kati, ilidharauliwa shuleni kama Kiingereza kibovu, mpaka mwanaisimu mweusi Lorenzo Dow Turner alipochapisha utafiti wake mwaka 1949 na kuonyesha maelfu ya maneno na majina ya Kiafrika ndani yake. Agano Jipya kwa Kigullah lilitoka mwaka 2005. Na ule wimbo wa Kumbaya ulioimbwa makanisani na kambini kote Afrika Mashariki? Rekodi yake ya kwanza ya sauti inayojulikana ilichukuliwa mwaka 1926 katika pwani hiyohiyo, upande wa Georgia.

Hapa inafaa kutua kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Turner alimrekodi mama mmoja wa kijiji cha Harris Neck, Georgia, aitwaye Amelia Dawley, akiimba wimbo mfupi ambao yeye mwenyewe hakuujua maana. Alifundishwa na wazee wake, nao na wazee wao. Miaka mingi baadaye watafiti waliugundua kuwa ni wa Kimende, lugha ya Sierra Leone, wakauchukua wakitafuta anayeujua. Katika kijiji cha Senehun Ngola wakampata mwanamke aliyeuimba bila kuelekezwa. Kwao ulikuwa wimbo wa maziko, uliohifadhiwa na wanawake. Mwaka 1997 binti wa Amelia, Mary Moran, alivuka bahari kwenda kijijini hapo, akaimba na wenyeji. Filamu ya kisa hicho ilitoka mwaka 1998. Mtu akikuambia kwamba utumwa ulifuta kila kitu, msimulie kisa hiki.

Tumbo limeanza kudai. Chakula cha mchana ni wali, na hapa ndipo penye kiini cha safari.

Je, wajua kwamba kabla ya pamba kushika jina, zao lililoitajirisha pwani hii lilikuwa mpunga? Hadithi ya mji inasema mbegu zilifika kwenye miaka ya 1680 na meli iliyotoka Madagascar, chini ya nahodha John Thurber. Mbegu peke yake haifui dafu. Waingereza waliokuja kuanzisha mashamba hawakuwa wakulima wa mpunga. Waliokuwa na ujuzi huo ni watu wa Gambia, Guinea na Sierra Leone, ambao walikuwa wakilima mpunga wa mabondeni na wa maji chumvi karne nyingi kabla Mzungu hajatia nanga. Wanunuzi wa Charleston walilijua hilo. Matangazo ya minada yalitaja wazi kwamba watu waliofika ni wa pwani ya mpunga, na bei yao ilipanda kwa sababu hiyo.

Kazi waliyoifanya ni vigumu kuipimia maneno. Walikata misitu ya miti mikubwa iliyosimama ndani ya vinamasi vyenye mamba na nyoka. Wakainua matuta marefu ya udongo kwa majembe na vikapu. Wakatega malango ya maji ambayo mwanzoni yalikuwa magogo yaliyochimbwa ndani na kuzibwa kwa kizibo. Bahari ikijaa, maji baridi ya mto husukumwa juu, malango yanafunguliwa, shamba linanyweshwa. Bahari ikipwa, maji yanaachiwa. Mbegu zilifukiwa kwa kisigino. Mavuno yalitwangwa kwa kinu na mchi, yakapepetwa kwa ungo, hasa na wanawake, alfajiri na jioni, juu ya kazi ya mchana kutwa. Malaria, maji machafu na uchovu viliua watu wengi, watoto zaidi ya wote. Ukiruka juu ya pwani hii kwa ndege leo, bado unaona miraba ya mashamba hayo ndani ya mabwawa, kilomita baada ya kilomita.

Kufikia mwaka 1708 Waafrika walikuwa wengi kuliko Wazungu katika koloni la South Carolina. Tarehe 9 Septemba 1739, karibu na mto Stono kusini mwa mji, kikundi cha Waafrika ambao wengi wao walitoka Kongo walivamia ghala la silaha, wakaanza kutembea kuelekea Florida ya Wahispania ambako waliahidiwa uhuru. Walipiga ngoma njiani na idadi yao ikaongezeka hadi karibu mia moja kabla ya kushambuliwa. Sheria ya mwaka uliofuata iliwakataza watumwa kukusanyika, kujifunza kuandika na kupiga ngoma. Msomaji wa Kinshasa au Lubumbashi ana ndugu wa mbali katika habari hii.

Kwa hiyo sahani inapoletwa, itazame. Wali mwekundu umepikwa pamoja na nyanya na vitunguu hadi kila punje ikaiva peke yake, ndugu wa damu wa wali wa jollof wa Afrika Magharibi. Supu ya bamia ina nyanya, mahindi na pengine kamba. Hoppin' John ni wali na kunde nyekundu, na Siku ya Mwaka Mpya hakuna nyumba ya Kigullah inayokosa, pamoja na sukuma wiki kando, kwa imani kwamba kunde huleta sarafu na majani huleta noti. Kunde ilianza kulimwa Afrika. Sukuma wiki hii ni mboga ileile tunayoikata kila jioni Nairobi, ila wenzetu huichemsha kwa muda mrefu mpaka iwe laini kabisa na kuunywa mchuzi wake. Mimi naipenda ya kwetu, iliyokaangwa upesi. Mchuzi wao, hata hivyo, chovya mkate wa mahindi uone.

Chai hapa ni ya baridi, yenye barafu na sukari nyingi. Je, wajua kwamba kisiwa cha Wadmalaw, kusini mwa mji, kina shamba la chai? Ni nadra mno kwa Marekani. Michai yake inatokana na ile iliyopandwa mjini Summerville kuanzia mwaka 1888, ikahamishiwa kisiwani mwaka 1963.

Mchana. Usiende kwingine kabla ya kwenda Gadsden's Wharf.

Je, wajua kwamba inakadiriwa karibu asilimia 40 ya Waafrika waliofikishwa utumwani Amerika Kaskazini walipitia bandari ya Charleston? Wengi walishushwa katika gati hili. Serikali kuu ilikuwa imepanga kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kuanzia tarehe 1 Januari 1808, na kati ya 1804 na 1807 wafanyabiashara wa Charleston waliharakisha, wakaleta watu takriban 40,000. Baadhi ya meli za miaka hiyo zilitoka Msumbiji, kwa hiyo bahari yetu ya Hindi nayo imo katika kumbukumbu za gati hili.

Jumba la makumbusho lililosimama hapo sasa, International African American Museum, lilifunguliwa tarehe 27 Juni 2023, zaidi ya miaka ishirini tangu meya Joseph Riley alipotoa wazo lake. Limeinuliwa juu ya nguzo 18 ili ardhi ya gati ibaki wazi. Chini yake mbunifu wa bustani Walter Hood ameweka sakafu yenye maumbo ya watu waliolazwa wamebanana kama walivyopangwa ndani ya meli, na maji huwafunika na kuwafunua. Watu husimama kimya pale, na baadhi huvua viatu. Ndani kuna kituo cha kutafuta nasaba, ambako familia nyeusi hufuatilia majina ya mababu katika kumbukumbu za minada, makanisa na jeshi. Jipe saa mbili, na tiketi ikatwe mapema.

Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye mtaa wa Chalmers uliotandazwa mawe yaliyokuja kama uzito wa meli, lipo Old Slave Mart. Mwaka 1856 mji ulipiga marufuku minada ya watu barabarani, si kwa huruma, ila kwa aibu mbele ya wageni, na biashara ikahamia ndani ya majengo kama hili. Tarehe 19 Juni 2018 baraza la mji wa Charleston liliomba radhi rasmi kwa utumwa. Kura zilikuwa 7 kwa 5.

Je, wajua Robert Smalls? Ukikaa kwenye bustani ya Battery, ncha ya rasi, ukitazama bandari, mbele yako ndipo alipopita. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, nahodha Mzungu wa meli ya kivita Planter na maofisa wake walikuwa wamelala mjini. Smalls, mtumwa mwenye umri wa miaka 23 aliyekuwa mshika usukani, alivaa kofia pana ya nahodha, akawachukua mkewe na watoto na familia za wenzake, jumla watu wapatao 16, akaondoa meli. Alijua ishara za filimbi za kila ngome. Alipita Fort Sumter bila haraka, akapiga ishara sahihi, akaruhusiwa. Nje ya masafa ya mizinga akashusha bendera ya Kusini na kupandisha shuka jeupe, akaikabidhi meli na mizinga yake kwa jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini. Baada ya vita alichaguliwa kuwa mbunge wa taifa, na akainunua nyumba ya Beaufort ambayo nyuma yake alizaliwa mtumwa. Kisa kikubwa kama hiki nchi nyingine ingekisimulia kwa watoto kila mwaka.

Fort Sumter yenyewe, ambako mizinga ya kwanza ya vita vile ililia tarehe 12 Aprili 1861, inafikiwa kwa kivuko cha kama nusu saa. Ni safari nzuri ya upepo. Kwa mwenye siku moja, naiacha na kumpeleka kwenye mti.

Je, wajua Angel Oak? Ni mwaloni wa kisiwa cha Johns unaokadiriwa kuwa na miaka 400 hadi 500. Urefu wake ni kama mita 20 tu, ila matawi yake yametambaa pande zote, mengine yameinama hadi ardhini na kuinuka tena, na kivuli chake hufunika karibu mita za mraba 1,600. Kuingia ni bure. Zile ndevu za kijivu unazoona zikining'inia kwenye miti ya kusini si kuvu wala si vimelea. Ni mmea wa jamii ya nanasi unaokunywa unyevu wa hewa na kuuachia mti chakula chake. Zamani ndevu hizo zilikaushwa na kushindiliwa kwenye magodoro na viti vya magari.

Mambo ya haraka kabla jua halijazama. Wajua kwamba palmetto, jamii ya mitende inayopamba bendera ya jimbo, iliheshimiwa kwa sababu magogo yake laini yalimeza risasi za mizinga ya Waingereza tarehe 28 Juni 1776 bila kupasuka? Kwamba makumbusho ya Charleston yalianzishwa mwaka 1773? Kwamba ngoma ya miguu iitwayo Charleston ilivuma duniani mwaka 1923 kupitia jukwaa la New York, na bendi ya watoto yatima weusi ya Jenkins, iliyoundwa miaka ya 1890, ilikuwa imetangulia kuzunguka ikipiga muziki wa mji huu hadi Ulaya? Kwamba tarehe 1 Mei 1865, mahali palipo leo Hampton Park, watu wapatao 10,000, wengi wao weusi walioachwa huru miezi michache tu nyuma, waliandamana na maua kuyaheshimu makaburi ya askari wa Muungano waliofia kifungoni, na kwamba wanahistoria wanaiona hiyo kuwa moja ya ibada za kwanza za Siku ya Mashujaa ya Marekani? Kwamba kwenye kisiwa cha Sullivan, ambako Waafrika waliwekwa karantini kabla ya kuuzwa, liliwekwa benchi la chuma mwaka 2008, na mwandishi Toni Morrison akaja kulikalia, kwa kuwa alikuwa amelalamika kwamba hakuna hata kiti cha kando ya njia cha kuwakumbuka?

Chakula cha usiku ni cha baharini.

Supu ya kaa jike ya Charleston hutajwa pamoja na jina la William Deas, mpishi mweusi wa meya Goodwyn Rhett mwanzoni mwa karne ya 20, anayesifiwa kwa kuitia mayai ya kaa ili ipate rangi na utamu. Siku hizi sheria inakataza kuvua kaa aliyebeba mayai nje, kwa hiyo wapishi hutafuta njia nyingine. Mwombe mhudumu asitie mvinyo kama hutumii, maana huo ni sehemu ya mapishi. Chaza wa hapa hukua kwa mafungu, wameshikamana kwenye matope yanayofunuliwa na maji kupwa. Huwekwa juu ya bamba la chuma lenye moto, hufunikwa gunia bichi, na watu huwafungua kwa visu wakiwa wamesimama. Msimu wake ni wa miezi ya baridi. Magamba hurudishwa baharini ili chaza wachanga washike juu yake, na hapo kale yalichomwa chokaa ya kujengea, kama ilivyofanywa kwa matumbawe Kilwa na Lamu. Baada ya hapo omba vibiskuti vyembamba vya ufuta, benne wafers. Mbegu za ufuta zilipandwa kwanza katika vibustani vya watumwa.

Je, wajua mpunga huo uliishia wapi? Biashara yake ilikufa mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya vimbunga, mashindano ya mashine za majimbo mengine, na watu walioachwa huru kukataa kurudi kwenye vinamasi. Aina maarufu ya Carolina Gold ilirudishwa shambani katika miaka ya 1980 kutokana na mbegu zilizohifadhiwa na serikali, na leo unaipata mezani. Aina nyingine, mpunga wa nchi kavu uliolimwa na watumwa kwenye vishamba vyao wenyewe, ilidhaniwa imepotea kabisa. Mwaka 2016 mpishi wa Kigullah B. J. Dennis alikwenda kisiwani Trinidad, akakuta mpunga wa vilimani ukilimwa na wazao wa Wamarekani weusi waliopigana upande wa Waingereza katika vita vya 1812 na kupewa ardhi huko. Walikuwa wameondoka na mbegu zao, na hawakuacha kuzipanda kwa miaka mia mbili.

Mwisho, karanga. Zinavunwa mbichi, zinachemshwa kwa saa kadhaa ndani ya maji ya chumvi pamoja na maganda, na huuzwa za moto kando ya barabara kuu, ndani ya mfuko unaochuruzika. Tangu mwaka 2006 ndizo kitafunwa rasmi cha South Carolina. Msimu wa karanga mbichi ni Mei hadi Novemba. Beba mfuko wa pili kwa ajili ya maganda.